Mto Usio na Chanzo Wala Mlango

Filamu ambayo nimeitazama mara nyingi kuliko nyingine yoyote katika miaka ya kazi yangu haina mwanzo, haina mwisho, na katikati yake ina mapengo mawili. Inaitwa The River. Iliongozwa na Frank Borzage kwa kampuni ya Fox, ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza New York mwezi Desemba 1928, na wakati huo ilikuwa na urefu wa karibu dakika 84. Leo, ukiunganisha mkanda uliosalia na picha za mnato pamoja na vibao vya maelezo vilivyoongezwa baadaye, unapata takriban dakika 55. Kwa kuwa kazi yangu ni kuhifadhi filamu za zamani, huulizwa mara kwa mara ni faida gani mtu anaipata kwa kutazama hadithi ya mapenzi iliyokatwa kichwa na miguu. Kwa muda mrefu nilikuwa nikijibu kwamba upotevu huo haukuidhuru filamu hii. Sasa naona nilikosea. Upotevu umeidhuru, tena umeigeuza kuwa kitu kingine, na anayeipenda anapaswa kukubali jambo hilo kabla ya kuanza kuisifu.

Nianze na hadithi yenyewe, kama tunavyoijua kutokana na muswada na picha zilizobaki. Chanzo chake ni riwaya ya Tristram Tupper. Katika bonde la milimani linajengwa bwawa kubwa. Kijana mmoja, Allen John Spender, aliyekulia msituni na asiyejua mengi kuhusu dunia ya watu, ameunda chombo kwa mikono yake mwenyewe, na nia yake ni kuufuata mto hadi baharini. Anafika kwenye kambi ya wajenzi na kulikuta bwawa limeziba njia. Hapo kambini anaishi Rosalee, hawara wa msimamizi wa ujenzi aitwaye Marsdon. Marsdon amemuua mwanamume mwingine kwa sababu ya wivu, na polisi wanamchukua. Kabla ya kuondoka anamwachia Rosalee kunguru wake wa kufugwa ili awe mlinzi wake. Kazi inasimama kwa ajili ya majira ya baridi, wafanyakazi wanaondoka, na kambini wanabaki watu wachache, miongoni mwao Sam Thompson, bubu mwenye nguvu nyingi, na mama yake mjane. Kijana anaahirisha safari, kisha anaahirisha tena, mpaka theluji inafunga njia zote.

Mwishoni Marsdon anatoroka gerezani na kurudi. Sam anamuua. Rosalee, kwa kukata tamaa, anajitupa mtoni palepale kwenye kizingia cha maji, na Allen John anazama kumfuata na kumtoa. Mto unawachukua wawili hao kuelekea baharini.

Kwa anayejua melodrama, muhtasari huo unatosha kuonyesha nguzo zilizoibeba nyumba: uhalifu mwanzoni, mwanamke anayebeba aibu ya zamani, kijana asiye na doa, mtu mwovu anayerudi, maji yanayotaka kuua na badala yake yanaosha. Melodrama ni aina ya hadithi inayotegemea sana ncha zake mbili. Mwanzoni hufungwa fundo, mwishoni hufunguliwa, na katikati watazamaji hubaki wakijua jambo ambalo mmoja wa wahusika halijui. Katika The River ncha zote mbili ndizo zilizopotea. Kutiwa mbaroni kwa Marsdon hakupo kwenye mkanda, na wala kurudi kwake hakupo. Kilichosalia ni katikati, yaani kiangazi kinachokwisha, kisha majira ya baridi, mwanamume na mwanamke ndani ya nyumba ya mbao, na kunguru.

Sababu za upotevu huu zinaeleweka vizuri. Filamu za wakati ule zilipigwa kwenye mkanda wa nitrati ya selulosi, na mkanda wa aina hiyo uliendelea kutumika hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Nitrati hutoa picha yenye weusi mzito na mwanga mweupe unaong'aa kama fedha, na aliyewahi kuiona kopi nzuri ikionyeshwa hasahau. Lakini ni ndugu wa baruti. Ikishika moto hujitolea oksijeni yake yenyewe, hata ukiizamisha majini huendelea kuungua. Isipoungua huoza: kwanza picha hufifia, kisha mkanda huanza kunata, hutoa mapovu mithili ya asali iliyochacha, hushikamana ukawa bonge, na hatimaye huwa unga wa rangi ya kahawia. Joto na unyevu huharakisha hatua zote hizo.

Usiku wa tarehe 9 Julai 1937, wakati wa joto kali, ghala la Fox lililokuwa Little Ferry, New Jersey, lilishika moto. Zaidi ya rili (magurudumu ya mkanda) 40,000 ziliteketea, na humo zilikuwamo nakala mama za sehemu kubwa ya filamu ambazo kampuni hiyo ilitengeneza kabla ya mwaka 1930. Theda Bara, ambaye alikuwa nyota wake mkubwa katika miaka ya 1910, alicheza filamu zipatazo 40, nasi tumebaki na chache za kuhesabu kwa vidole. Hata bila moto, hatima ya filamu bubu ilikuwa ngumu, kwa kuwa sauti ilipofika mwishoni mwa miaka ya 1920 mikanda hiyo haikuwa na soko tena, na mingi iliyeyushwa kwa makusudi ili kupata madini ya fedha yaliyomo kwenye utando wake. Maktaba ya Bunge la Marekani ilichapisha mwaka 2013 utafiti wa David Pierce kuhusu karibu filamu ndefu 11,000 za kimya za Marekani. Asilimia 70 zimepotea kabisa. Asilimia 14 tu zipo kamili katika umbo lake la awali, asilimia 11 zipo kamili lakini katika nakala za nje au za ubora wa chini, na asilimia 5 zipo vipandevipande. The River ni miongoni mwa hizo asilimia 5, na kusema kweli ndilo fungu linalonigusa kuliko mengine, kwa sababu kilichopotea kabisa unakilia mara moja, ilhali kilichopotea nusu unakutana na pengo lake kila unapokitazama.

Mwaka 1928 Borzage alikuwa katika kilele cha uwezo wake. Alizaliwa Salt Lake City, akaanza kama mwigizaji, na alipofika Fox alikuwa tayari amezoea kazi ya uongozaji. Filamu yake Seventh Heaven ya mwaka 1927 ilimpatia tuzo ya kwanza kabisa ya Academy kwa mwongozaji wa filamu za tamthilia, katika hafla ya Mei 1929. Katika kampuni hiyohiyo alikuwamo mwongozaji F. W. Murnau kutoka Ujerumani, na kila mtu pale studio alikuwa ameiona kazi yake na kujifunza namna ya kuufanya mwanga na ukungu vibebe hisia. The River ilipigwa picha na Ernest Palmer, na mandhari yake yalibuniwa na Harry Oliver, yule aliyejenga mitaa na ngazi za Seventh Heaven. Katika filamu hizo za Borzage mapenzi hayaonyeshwi kama bahati nzuri ya vijana wawili. Yanaonyeshwa kama nguvu inayoweza kumrudisha mtu kutoka mautini, na Borzage aliiamini nguvu hiyo kwa moyo wote.

Charles Farrell, anayemwigiza Allen John, alikuwa amezoeleka akiwa na Janet Gaynor, binti mdogo mwenye macho ya huruma. Hapa aliwekwa na Mary Duncan, mwigizaji aliyetoka jukwaani New York, na mchanganyiko ukawa mwingine kabisa. Rosalee wa Duncan amechoka. Anajua wanaume wanataka nini, na anamwangalia kijana huyu kwa shaka ya mtu aliyeumizwa, kwani hawezi kuamini kwamba mwanamume mzima anaweza kuwa hivyo bila hila. Farrell naye, mwenye umbo kubwa na uso wa mtoto, ndiye anayetazamwa. Katika mkutano wao wa kwanza anaoga mtoni akiwa uchi, amechukuliwa na mzunguko wa maji, naye Rosalee amekaa mwambani akimwangalia. Kwa desturi za sinema za wakati ule, mwanamke ndiye aliyekuwa kitu cha kutazamwa. Borzage amegeuza mambo, na kwa kuyageuza ametuambia kwamba usafi unaohatarishwa katika hadithi hii ni wa mwanamume.

Kisha kuna kunguru. Sisi tuna msemo kwamba kunguru hafugiki, na mara nyingi husemwa kwa ukali juu ya mwanamke anayedhaniwa hawezi kutulia katika nyumba moja. Kila ninapoionyesha filamu hii kwa wasemaji wa Kiswahili, mtu mmoja huutaja msemo huo kabla sijaugusa mimi, na huwa nafurahi kwa sababu unatupeleka moja kwa moja kwenye kiini. Katika The River kunguru amefugika vizuri sana. Anatulia ndani ya nyumba kama anavyotulia askari mlangoni, naye ni jicho la Marsdon lililoachwa nyuma. Rosalee ndiye ambaye kambi nzima ingemwambia hafugiki, na tunachokiona ni kwamba amefungwa kuliko ndege. Wafaransa waliipa filamu jina la La Femme au corbeau, yaani mwanamke mwenye kunguru, na naliona jina hilo kuwa sahihi kuliko lile la Kiingereza, hasa kwa nakala tuliyonayo leo. Mto kwa kiasi kikubwa umepotea pamoja na ncha zake. Kunguru bado yupo.

Fikiria sasa jinsi upotevu ulivyomgeuza ndege huyo. Katika filamu kamili watazamaji walikuwa wamemwona Marsdon, wakamwona akiua, na walijua kwa hakika kwamba atarudi, maana melodrama haimwachi mtu wa namna hiyo gerezani. Kunguru alikuwa ukumbusho wa mtu mwenye sura na mikono. Katika kipande kilichosalia Marsdon hana mwili wa kutembea mbele yetu. Yumo katika picha za mnato na katika maneno ya kibao. Kwa hiyo ndege anabeba tishio lote peke yake, na linakuwa tishio lisilo na uso, karibu la ndotoni. Wengi walioandika juu ya uzuri wa ajabu wa The River wamesifu hali hiyo ya ndoto, na mimi nilikuwa mmoja wao. Sehemu ya ndoto hiyo ni kazi ya Borzage. Sehemu nyingine imetokana na uharibifu, na mtafiti mwaminifu anapaswa kuzitenganisha hizo mbili kadiri awezavyo.

Tukio ambalo kila mtu hulikumbuka linatokea wakati wa baridi. Allen John, akitaka kuthibitisha upendo wake na pengine kuuzima moto ulio ndani yake, anatoka kwenye dhoruba ya theluji na kuanza kukata miti, anaendelea kukata mpaka mwili unaganda na kuanguka. Sam anamkuta, anambeba hadi ndani, na kumsugua kwa theluji kwa mikono yake mikubwa, lakini kijana harudi. Ndipo Rosalee anapoingia kitandani na kuulaza mwili wake juu ya ule wa Allen John ili ampe joto lake. Hakuna neno linalosemwa. Yule ambaye kwa miaka mingi mwili wake ulikuwa mali ya wengine anautoa kwa hiari yake kwa mtu asiyeweza kumwomba chochote, kwa sababu hana hata fahamu, na kwa tendo hilo anapona yeye kwanza. Palmer ameuweka mwanga laini juu ya nyuso zao, na kamera inakaa karibu bila haraka. Nimewaona watu wazima waliokuja wakidhani watacheka filamu ya kizamani wakinyamaza kimya hapo.

Tukio hilo limefika kwetu karibu zima, na ni bahati kubwa. Hata hivyo, linapokosa kilichotangulia, hupoteza uzito fulani. Mtazamaji wa mwaka 1928 alikuwa amemwona Rosalee akiwa na Marsdon. Alijua mguso wa aina ile nyingine ulikuwaje. Sisi tunalazimika kuukisia kutokana na jinsi Duncan anavyosimama, anavyogeuza shingo, anavyokunja mikono kifuani mwanamume anapomkaribia. Uigizaji wake unastahimili mzigo huo, na naamini hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote ninayoweza kumpa: ameibeba sehemu iliyopotea ndani ya mwili wake. Tulimpoteza pia katika Four Devils ya Murnau, ambayo hakuna kopi yake inayojulikana, na tukabaki naye katika City Girl, filamu nyingine ya Murnau aliyocheza na Farrell huyuhuyu. Anayetaka kuielewa The River vizuri aitazame City Girl siku iliyotangulia. Atawakuta wawili hao katika hadithi iliyo na mwanzo na mwisho, na macho yake yatakuwa tayari.

Kuhusu sauti nitasema kwa ufupi. The River ilitoka katika miezi ile ambayo Hollywood ilikuwa ikivuka kutoka ukimya kwenda maneno, ikasambazwa ikiwa na muziki na sauti kwa mfumo wa Movietone wa Fox. Kipande tunachokitazama leo ni bubu, na huonyeshwa kwa muziki uliotungwa upya.

Mkanda wenyewe ulipatikana miongo kadhaa baadaye, ukiwa pungufu. Mwaka 1993 Cinémathèque suisse, hifadhi ya filamu ya Uswisi iliyoko Lausanne, ikishirikiana na hifadhi ya filamu ya jiji la Luxembourg, ilikamilisha ujenzi upya wa filamu, na aliyekuwa nyuma ya kazi hiyo ni Hervé Dumont, mwandishi wa kitabu kikubwa kuhusu maisha na kazi za Borzage. Walichokifanya ni kuchukua vipande vilivyosalia, kuvipanga kwa kufuata muswada, na katika kila pengo kuweka picha za mnato zilizopigwa wakati wa utengenezaji pamoja na vibao vinavyoeleza kilichotokea. Mwaka huohuo wa 1993 Mary Duncan alifariki Florida, akiwa ameacha uigizaji tangu miaka ya 1930. Mwaka 2008 nakala hiyo iliingizwa katika mkusanyo mkubwa wa diski za filamu za Murnau na Borzage walizozifanyia Fox, na tangu hapo mtu wa kawaida ameweza kuitazama nyumbani.

Namna hii ya ujenzi ina wapinzani wake. Wapo wanaosema picha za mnato ni udanganyifu, kwa kuwa zilipigwa na mpiga picha wa matangazo akisimama mahali tofauti na kamera ya filamu, waigizaji wakiwa wametulizwa kwa makusudi. Hoja yao ina uzito. Picha ya mnato haituambii tukio lilichukua muda gani, wala kamera ilikuwa ikienda wapi, na katika melodrama muda ndio kila kitu: sekunde tatu za kusita kabla ya kufungua mlango zinaweza kuwa ndiyo hadithi yenyewe. Lakini mimi nimesimama upande wa Dumont na wenzake, kwa sababu pengo wameliacha lionekane. Picha ikisimama, mtazamaji anajua kuwa hapa mkanda umekatika. Kinachonitia hofu ni mapendekezo ya siku hizi ya kuziba mapengo kama haya kwa picha zinazosogezwa na kompyuta. Mikono ya Duncan ikisogezwa na mashine haitakuwa mikono ya Duncan, na baada ya kizazi kimoja hakuna atakayeweza kutenganisha.

Watu huniuliza pia kama sehemu zilizopotea zinaweza kupatikana. Mifano ya kutia moyo ipo, tena ndani ya nyumba hiyohiyo ya Fox. Lucky Star, filamu ya Borzage ya mwaka 1929 yenye Gaynor na Farrell, ilidhaniwa imetoweka mpaka kopi yake ilipokutwa Uholanzi. Upstream ya John Ford, ya mwaka 1927, ilitambuliwa New Zealand na kutangazwa mwaka 2010. Dawson City, kule Yukon nchini Kanada, zilifukuliwa mwaka 1978 rili zaidi ya 500 zilizokuwa zimetupwa kwenye bwawa la zamani la kuogelea na kuhifadhiwa na ardhi iliyoganda. Ukitazama ramani utaona mtindo: filamu zilisafiri kutoka mji hadi mji, na zilipofika mwisho wa njia, gharama ya kuzirudisha ilizidi thamani yake, zikaachwa hukohuko.

Pwani yetu nayo ilikuwa mwisho wa njia kwa namna yake. Unguja ilikuwa na jumba la sinema la Royal tangu mwaka 1921, na watu wa miji ya pwani waliziona filamu bubu kama walivyoziona watu wa kwingineko. Tofauti ni ardhi: barafu ya Yukon hutunza nitrati, joto na unyevu wa pwani huila. Nimewahi kufungua mikebe katika ghala moja ambalo sitalitaja, mikanda ya miaka ya karibuni zaidi kuliko hii, iliyotengenezwa kwa asetati ambayo haishiki moto kwa urahisi, na harufu ya siki, ile ya asetati inayooza, ikanipiga usoni kabla kifuniko hakijatoka vizuri. Mkebe mmoja ulikuwa na rili ya nne peke yake, bila lebo. Nilikaa chini nikaishika, nikaiwaza nyumba ile ya mbao na theluji yake.

Ninapoionyesha The River kwa watu wanaoiona mara ya kwanza, huwa nasimulia mwanzo kwa mdomo kabla taa hazijazimwa, kama wafanyavyo wasimuliaji wa vibanda vyetu vya video, ili wamjue Marsdon na mikono yake. Katikati hunyamaza kabisa. Zinapofika picha za mwisho, zile zisizosogea, Allen John akiwa ndani ya maji na Rosalee mikononi mwake, sisemi kitu pia. Naziacha zipite moja baada ya nyingine, kila moja kwa muda wake, hadi mwangaza wa projekta unapobaki mweupe ukutani.